Mkorosho Una Namba, Mzee Je?

Muuguzi akihamishwa kituo cha kazi huondoka na sanduku lake, godoro lake, vyombo vyake vya jikoni, na yale yote aliyoyajua peke yake. Anayempokea hukabidhiwa funguo, rejista na hesabu ya dawa. Hakabidhiwi habari kwamba yule babu wa karibu na kisima akisema ana kizunguzungu, mara nyingi hajatia kitu mdomoni tangu jana. Wala haambiwi kwamba yule bibi anayeletwa na mjukuu hasikii kwa sikio la kushoto, kwa hiyo ukimsemesha upande huo atakuitikia "ndiyo" kwa kila swali, na wewe utaandika "ndiyo" kwa kila swali.

Nimefanya uuguzi mkoani Mtwara mpaka nikastaafu, na miaka ya mwisho ya utumishi wangu niliimalizia Naliendele. Nikiulizwa chama cha wauguzi kina kazi gani, naanzia hapo. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba muuguzi mmoja akijua jambo, jambo hilo halihami naye.

Naliendele iko nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwenye barabara ya kwenda Nanyamba, Tandahimba na Newala. Wakulima wa korosho nchi nzima wanalijua jina hili kwa sababu ya taasisi ya utafiti wa kilimo iliyopo pale, ambayo siku hizi inaitwa TARI Naliendele. Ukipita kwenye mashamba ya majaribio unakuta miti imepangwa kwa mistari na kila mmoja una namba yake. Kitabuni imeandikwa ulipandwa lini, umetokana na mti gani, umepuliziwa nini, na msimu uliopita ulitoa kilo ngapi. Utaratibu huo haukuja hivi hivi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka mpaka tani kama 16,500. Bei ilikuwa mbaya, watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao porini, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua. Watafiti walijaribu, wakaandika, wakarudia, mpaka upuliziaji wa salfa na mbegu zinazovumilia ugonjwa vikawa mambo ya kawaida kwa mkulima. Kilichogunduliwa hakikubaki kichwani mwa mtu mmoja. Kilipita kwa mabwana shamba kikafika Masasi, Nachingwea na Tunduru.

Waliopanda mikorosho ile ya mwanzo ndio wazee niliowahudumia. Ndio waliohamishwa, ndio walioona bei ikianguka, ndio waliovuta vumbi la salfa miaka na miaka bila kitambaa puani. Baadhi ya mabibi bado wana chale za Kimakonde usoni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu. Watoto wao wengi wako Dar es Salaam, Mbagala na kwingineko, wakituma hela pale wanapoipata. Nyumbani wamebaki mzee na mjukuu. Nilipokuwa natoka kazini napita kandokando ya mashamba ya majaribio, wazo lilikuwa linanijia kila mara: huu mkorosho una namba na historia yake imeandikwa, lakini hakuna anayeweza kuniambia bibi aliyelala nyumba ile pale aligeuzwa mara ya mwisho saa ngapi.

Nitaeleza jambo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya semina nyingi.

Babu mmoja alikuwa anaanguka usiku. Watu wa nyumbani kwake walikuwa na maelezo yao, wengine wakisema ni uzee, wengine wakimtaja jirani kwa sauti ya chini. Nilikwenda kumtazama jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za wajukuu na za mvua, nikamwomba anionyeshe dawa zake.

"Zipo, mwanangu, tena nyingi," akasema, na alisema kwa fahari.

Mkewe akaenda kuuchomoa mfuko wa plastiki uliokuwa umeningʼinizwa kwenye boriti. Nikatandika kanga juu ya mkeka nikamwaga kila kitu. Kulikuwa na amlodipini ya presha kutoka hospitali ya mjini, na amlodipini ileile kutoka zahanati, kwenye kiboksi cha rangi nyingine. Alikuwa anameza zote mbili, kwa maelezo kwamba hii ni ya mjini na hii ni ya hapa. Kulikuwa na diklofenaki ya magoti, aliyonunuliwa duka la dawa na mtoto wake, dawa ambayo huweza kuipandisha presha ileile anayoitibu. Na kulikuwa na furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo alikuwa anaimeza saa mbili usiku baada ya kula. Kwa hiyo kila usiku wa manane alikuwa anaamka haja ndogo imembana, anatoka gizani kuelekea choo cha nje, mwili umelegea kwa dozi mbili za presha. Nilimpima presha akiwa amelala, kisha nikampima akiwa amesimama. Namba ya pili ilikuwa chini sana kuliko ya kwanza. Hakuna jirani aliyehusika.

Kesho yake mfuko ule uliwekwa mezani kwa tabibu. Amlodipini ikabaki moja, diklofenaki ikasitishwa, furosemaidi ikahamishiwa asubuhi. Mjukuu akapewa ndoo yenye mfuniko aiweke karibu na kitanda cha babu yake usiku. Msimu ule wa korosho babu hakuanguka tena.

Mbinu ya kuumwaga mfuko wa dawa juu ya kanga sikuigundua mimi. Nilifundishwa na dada mmoja mkubwa kazini nilipokuwa kijana, mwanafunzi wa hospitali za misheni. Kusini kuna urithi mkubwa wa uuguzi kutoka Ndanda, Nyangao, Mkomaindo, Mnero na Lulindi, ambako Dakta Leader Stirling alifanya kazi kabla ya kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975. Dada yule alijua mambo ya wazee ambayo sikuyakuta kwenye kitabu chochote tulichosomeshwa. Lakini hakuyaandika. Mimi niliyapata kwa bahati ya kupangwa naye zamu. Waliopangwa zamu nyingine hawakuyapata.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Vijana wengi wa kazi huvichanganya vyombo vitatu, na si ajabu, maana vyote vinataka michango au fomu. Baraza la Uuguzi na Ukunga ni chombo cha sheria: linasajili, linatoa leseni, linaadhibu, na lipo ili kumlinda mgonjwa. TUGHE ni chama cha wafanyakazi, kazi yake ni kujadiliana na mwajiri kuhusu mshahara na mazingira ya kazi. TANNA, Chama cha Wauguzi Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1971, ni chama cha taaluma. Kinaingia pia kwenye mambo ya haki za wanachama, lakini mali yake hasa ni ujuzi wenyewe: uuguzi mzuri ni upi, nani anaufundisha, nani anaulinda usiporomoke. Wananchi wanatufahamu zaidi kwa Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, tunapoandamana na sare nyeupe na kurudia kiapo huku tumeshika mishumaa. Kazi ya chama hufanyika siku zilizobaki za mwaka.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wauguzi. Ajenda zake zilikuwa za kueleweka: posho ya sare, kupanda madaraja, malimbikizo, upungufu wa watumishi. Huduma kwa wazee ilikuwa inakuja chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta mikoba yao na waliotoka mbali wanaulizana gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Mara moja tukaomba ipandishwe juu. Mwenzetu mmoja akasimama akasema kwa uchungu, na hakuwa anatania, kwamba migongo ya wauguzi imekwisha kwa kubeba wagonjwa, sasa tunataka chama kikae kujadili migongo ya wazee?

Aliyemjibu alikuwa matroni mmoja mstaafu. Hakuhutubia. Aliomba benchi mbili ziunganishwe na shuka iletwe, kisha akamwomba kijana mmoja mnene kuliko wote ajilaze. Akaikunja shuka mara mbili kwa upana na kuipitisha chini ya yule kijana, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Akamwita yule aliyelalamika asimame upande mmoja, yeye akasimama upande wa pili. "Kunja magoti, mwanangu, siyo mgongo. Kunja shuka mpaka ngumi yako imguse. Moja, mbili, tatu." Kijana akahama pale benchini kama kwamba hana uzito. Halafu akatuonyesha tunavyofanya siku zote, muuguzi mmoja, mikono kwapani mwa mgonjwa, anamvuta kumpandisha juu ya mto. Akauliza: hapa anayeumia nani? Wakajibu, muuguzi. Akasema, angalieni na makalio ya mgonjwa. Ngozi imebaki kwenye godoro, mifupa imekwenda mbele. Hivyo ndivyo kidonda cha kulalia kinavyoanza.

Sijasikia hoja iliyowashinda watu kwa haraka kiasi kile. Shuka ileile inauokoa mgongo wa muuguzi na ngozi ya mzee. Muuguzi akiwa peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa, hawezi kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili hata awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo anayedai watumishi zaidi anamdaia mzee haki yake, na anayedai mzee ageuzwe anamdaia muuguzi mwenzake wa pili. Chama kinachojiona lazima kichague kati ya maslahi ya wanachama na huduma kwa mgonjwa kinajipunguzia nguvu bure.

Kuna sababu nyingine inayotulazimisha tuwe na sauti yetu wenyewe. Mwaka 1962, muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu matatizo ya kuwauguza wazee hospitalini. Ndani yake mlikuwa na kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kushindwa kuzuia haja. Kila jambo linapewa alama 1 mpaka 4. Mgonjwa mwenye jumla ya 14 kushuka chini yuko katika hatari ya kupata vidonda. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Kinahitaji muuguzi, kalamu na dakika chache. Nimekitumia na kimenisaidia.

Lakini vitabu vilivyotoka huko vilitufundisha pia kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni ngozi kuwa nyekundu. Ngozi ya nani? Kwa bibi wa Kimakonde mwenye ngozi nyeusi tititi hutaona wekundu wowote. Ukiusubiri, kidonda kitakuwa kimeshafunguka. Wauguzi wazoefu wa huku walikuwa wanajua kutumia kiganja: pitisha mgongo wa mkono juu ya mfupa wa kiuno, nyonga na visigino, tafuta palipo na joto kuliko pembeni, palipo pagumu au palipolegea kama pameiva, na pale mgonjwa anaposhtuka. Angalia kama rangi imekuwa nyeusi zaidi ya jirani yake. Na usipasugue kwa mafuta ya nazi wala spiriti, kama tulivyokuwa tunafanya zamani kwa nia njema, maana nyama ya chini imeshaanza kuumia na kusugua kunaimalizia. Siku hizi hata vitabu vya nje vinakiri umuhimu wa kugusa ngozi nyeusi. Sisi tulikuwa nao ujuzi huo mikononi, ila tulikosa mahali pa kuuandika.

Wenzetu wa nchi nyingine walianza kuandika mapema. Chama cha wauguzi cha Marekani kiliunda kitengo cha uuguzi wa wazee mwaka 1966, na mwaka 1970 kikatoa viwango vya huduma hiyo. Mwaka 1984 wauguzi wa fani hiyo wakaanzisha chama chao cha kitaifa. Sisemi tuige kila kitu. Nchi yao ina nyumba nyingi za kulelea wazee, na sisi wazee wetu wako majumbani. Makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga au Fungafunga Morogoro yanahudumia wachache wasio na mtu. Ninachokiangalia ni nani aliyeandika viwango hivyo. Ni wauguzi wenyewe, kupitia chama chao.

Kwa upande wa sera hatuko mikono mitupu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Vituo vingi vimeweka dirisha la wazee na mabango ya kuwataka watu wampishe mzee kwanza. Zanzibar imekwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2016 kila mwenye miaka 70 analipwa pensheni jamii, awe alikuwa mtumishi au mvuvi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, viongozi huyarudia haya, na ni vizuri wayarudie.

Dirisha, hata hivyo, linamwondolea mzee foleni tu. Likishampitisha, bado kuna swali la atakayemkuta ndani. Atapimwa presha akiwa amesimama pia? Ataulizwa, kwa faragha na bila mjukuu kusikia, kama anashindwa kuzuia mkojo? Mzee wa kwetu hawezi kulitamka hilo mbele ya mjukuu, na akikosa pa kulisema ataacha kunywa maji ili asikojoe, kisha ataletwa amechanganyikiwa kwa ukavu wa mwili, na nyumbani watasema akili imemruka. Akianza kupotea njia ya kutoka shambani, atafanyiwa uchunguzi, au ataachwa mpaka watu waseme karogwa, au mbaya zaidi, waseme ni mchawi? Majibu hayatoki kwenye bango. Yanatoka kwenye mafunzo, na mafunzo ya kujiendeleza, yale ambayo muuguzi anayahitaji anapohuisha leseni, ni uwanja ambao chama cha taaluma kinapaswa kuutawala.

Wenzangu wachache na mimi tulianza kidogo kidogo, bila mradi na bila mfadhili. Kila aliyekuwa na jambo la wazee lililofanya kazi alilileta kwenye kikao akaonyesha kwa vitendo, siyo kwa kusoma karatasi. Mmoja alituonyesha jinsi ya kutegesha mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Mwingine, jinsi ya kumlisha aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi: mkalishe wima, uji uwe mzito kidogo, weka kijiko upande mzima, ngoja ameze kabla ya kumwongezea. Tukakubaliana kuwafundisha wanaowauguza majumbani vilevile, maana muuguzi mkuu wa Naliendele ni binti wa miaka kumi na kitu anayelala chumba kimoja na bibi yake. Nimemwona mmoja aliyefundishwa kuandika. Alipasua ukurasa wa daftari la shule, akaubandika ukutani kwa ugali, na akawa anaweka alama kila akimgeuza: kulia, chali, kushoto. Kwa mara ya kwanza niliweza kuingia nyumba ile nikajua bibi aligeuzwa saa ngapi.

Kama ningepewa nafasi ya kusema neno moja kwa viongozi wa chama, mkoani na taifani, ningesema wafungue kitengo cha uuguzi wa wazee, chenye katibu anayeulizwa maswali, na ajenda yake itoke kwenye mengineyo. Kitengo hicho kikusanye wanayoyajua wauguzi wa vituo vidogo na kuyaandika kwa Kiswahili chepesi. Kiyapeleke kwa wenye elimu ya utafiti yapimwe, yanayofaa yarudi kuwa mwongozo, yasiyofaa yaachwe. Mafuta ya nazi yangeachwa mapema zaidi kama tungekuwa na utaratibu huo. Mtwara inafaa kuanza, kwa kuwa wazee ni wengi hapa kuliko wastani wa nchi, na kwa kuwa jirani zetu wa mashamba ya majaribio wameshatuonyesha faida ya kuandika na kurudia.

Na kama hoja ya huruma haitoshi, ipo ya hesabu. Mtumishi wa umma wa kada yetu anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Sera inamwita mtu mzee akiwa na miaka 60. Siku muuguzi anayokabidhi funguo ndiyo siku anayohamia upande wa pili wa kitanda, na atakayemgeuza atakuwa ni yule aliyemwachia zamu. Mwanachama mwenye miaka 59 anayekaa kimya kikaoni kwa kuona ajenda ya wazee haimhusu, bado ana mwaka mmoja wa kuandika anayoyajua.